Taulo halilainiki kwa kumiminiwa dawa zaidi
Taulo likikauka gumu kama ngozi ya ng'ombe, wengi hapa Kampala huongeza kifuniko cha pili cha dawa ya kulainisha nguo. Kosa ndilo hilo. Dawa hiyo haiondoi kitu, inazipaka nyuzi utando unaoteleza. Kwenye mashine ya kukaushia, utando huo hupunguza umeme tuli, ule unaoganda soksi kwenye shati la poliesta na kutoa cheche gizani. Ukizidi, taulo linakataa maji. Lidondoshee tone moja: likisimama juu kama umande kwenye jani la magimbi, basi umelipaka mno.

Ugumu wenyewe mara nyingi ni mabaki ya sabuni, na pia nyuzi za pamba hushikana zikikauka bila kuguswa. Kwa hiyo suuza mara mbili, likung'ute vizuri kabla ya kulianika, na tena likikauka. Siki kidogo kwenye maji ya mwisho husaidia, lakini usiichanganye kamwe na jiki, itatoa gesi ya sumu.

Na umeme tuli? Huzidi nguo zikikaushwa kupita kiasi. Zitoe mashineni mapema kidogo. Sisi wa kamba za uani hautusumbui sana.