Mwizi Amekamatwa Mtaani: Tunayoyaamini na Ukweli Wake

Kelele za "mwizi!" zikipigwa saa nane usiku, mtaa mzima hutoka. Kesho yake asubuhi, akitakiwa mtu mmoja wa kwenda kituoni kuandika maelezo, hapatikani. Mwingine ana shamba, mwingine ana safari, mwingine anasema hakuona vizuri. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulinzi wa mitaa na vijiji vyetu Tanzania unapovunjika, na sehemu kubwa ya sababu ni mambo tunayoambizana mpaka yanaonekana kweli.

"Mwizi akiuawa, wizi umekwisha"

Hii ndiyo dhana inayoua. Katika kijiji au mtaa mdogo ni nadra mwizi kufanya kazi peke yake. Yupo aliyemwambia kwamba nyumba ile wameenda msibani na watalala huko. Yupo mwenye pikipiki anayesubiri njia panda. Yupo, zaidi ya wote, mnunuzi: fundi simu asiyeuliza simu imetoka wapi, bucha linalopokea ng'ombe usiku, mwenye duka la vifaa chakavu anayenunua paneli ya sola na mtungi wa gesi kwa bei ya kutupa. Kijana akifia mtaroni, majina hayo yote yanafia naye. Mnunuzi anaamka asubuhi akiwa huru, na atapata kijana mwingine kabla mwezi haujaisha. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai linalojitegemea, lakini polisi hawawezi kumfikia mpokeaji kama aliyempelekea mali hawezi kusema tena.

Kisha kuna sheria yenyewe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba ana hatia, na ibara ya 14 inalinda uhai wa kila mtu. Wizi wa kawaida, hata ukithibitishwa mahakamani, hauna adhabu ya kifo. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Na Kanuni ya Adhabu inatambua nia ya pamoja: aliyeleta tairi, aliyechangia petroli na aliyerusha jiwe la mwisho wanaweza kusimama kizimbani pamoja kwa mauaji yaleyale. Wanaosema "umati haukamatwi" wanasahau kwamba siku hizi kila tukio lina simu kumi zinazorekodi.

Linaloniuma zaidi ni wale wanaouawa bila kuiba. Mlevi aliyekosea mlango. Mgonjwa wa akili aliyeingia uani kutafuta chakula. Mtu anayedai fedha zake, na mdaiwa akapiga yowe la "mwizi" ili amnyamazishe. Umati hauna muda wa kuuliza, na maiti haiombwi radhi.

Mwananchi anaruhusiwa kukamata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa raia uwezo huo pale kosa la jinai linapotendeka mbele yake, kwa sharti la kumkabidhi mtuhumiwa kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Basi wenye nguvu wawili au watatu wamshike, kama ana silaha inyang'anywe, mmoja apige 112 au ampigie mkaguzi kata, yaani askari polisi aliyepangiwa kata hiyo, mwingine amwamshe mwenyekiti au mtendaji. Na waliobaki wazuie watoto na wenye hasira wasisogee. Kazi hiyo ya kuzuia ndiyo ngumu kuliko zote, na mtaa unaojipanga huichagulia watu mapema, watu wazima wanaosikilizwa.

"Ukimpeleka polisi, kesho anarudi kukucheka"

Malalamiko haya yana ukweli ndani yake, nami sitawaambia watu kwamba wanaota. Rushwa ipo na uzembe upo. Lakini mara nyingi mtu anayerudi mtaani hajaachiwa, amepewa dhamana. Polisi wanatakiwa wamfikishe mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24 au wampe dhamana kama kosa linaruhusu, na wizi wa kawaida unaruhusu. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Dhamana ya polisi ni bure, kama ilivyo RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Ukidaiwa fedha kwa lolote kati ya hayo, unaombwa rushwa.

Kesi nyingi zinakufa baadaye, mahakamani, na zinafia mikononi mwetu. Chukua mfano wa televisheni. Imeibwa Jumanne, imekutwa chumbani kwa kijana Alhamisi. Mtaa unaona kazi imekwisha. Mahakama inauliza mambo manne: je, mali imekutwa kwa mshtakiwa? Je, imethibitika kuwa ni ya mlalamikaji? Je, iliibwa karibuni? Je, ndiyo hiyo inayotajwa kwenye hati ya mashtaka? Yakitimia yote manne, kijana atatakiwa aeleze ameipataje, na maelezo ya kubabaisha yatamfunga. Likikosekana moja, anatoka. Mara nyingi linalokosekana ni la pili. Mlalamikaji anasema, "Hii ni ya kwangu, ni nyeusi, ni Samsung." Hakimu anajua kuna televisheni nyeusi za namna hiyo nyumba hata nyumba.

Kwa hiyo ulinzi wa mali unaanza siku ya kununua. Tunza risiti. Andika namba ya mashine iliyo mgongoni mwa kifaa. Simu, bonyeza *#06#, nakili namba ya IMEI kwenye daftari linalobaki nyumbani, maana ukiiandika ndani ya simu itaondoka na simu. Baiskeli na mtungi, weka alama ya siri na umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini. Mifugo, piga chapa. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu mwaka 2010. Mali ikikutwa mahali, msiibebe kwa shangwe kuipeleka kwa mwenyewe. Mwiteni polisi aijazie hati ya ukamataji papo hapo, na mwenyekiti wa mtaa au jirani asiyehusika atie saini kama shahidi.

"Nilimwona kwa macho yangu, inatosha"

Haitoshi. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kwamba utambuzi wa kuona kwa macho, hasa usiku, ni ushahidi dhaifu kuliko aina nyingine, na haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Watakuuliza: alikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Kulikuwa na mwanga wa nini, tochi, mbalamwezi, taa ya nje, na uling'aa kiasi gani? Ulimfahamu kabla ya siku hiyo? Pia watauliza ulimtaja lini. Shahidi aliyemtaja mtuhumiwa usiku uleule kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye ana uzito. Aliyemtaja wiki mbili baadaye, baada ya mtaa kuzungumza, ushahidi wake una shaka.

Ndiyo maana napigania daftari la lindo kuliko rungu. Nimeona madaftari yaliyojaa mahudhurio tu: fulani kafika, fulani hakufika, faini kiasi fulani. Daftari lenye msaada lina mstari kama huu: "Saa 8:40 usiku, pikipiki bila namba, watu wawili, aliyekaa nyuma ana begi jeusi, imetoka njia ya kisimani kwenda barabara kuu. Mwanga wa taa ya zahanati. Walioona: wawili." Mstari huo ukiandikwa palepale na kusainiwa, miezi sita baadaye shahidi hatababaika.

"Enzi za sungusungu hakukuwa na wizi"

Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Shinyanga na Tabora, katika Wasukuma na Wanyamwezi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, silaha zimezagaa, wizi wa ng'ombe umekithiri, polisi ni wachache na wako mbali. Wanakijiji walijipanga kwa pinde, mishale na filimbi, wakafuata nyayo za mifugo kutoka kijiji hadi kijiji. Ng'ombe wengi walirudi, na serikali iliwaunga mkono; mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuyapa makundi hayo uwezo wa kukamata. Heshima hiyo wanaistahili.

Lakini anayesimulia mafanikio na asimulie yote. Kulikuwa na watuhumiwa walioteswa mpaka wakakiri. Kulikuwa na familia zilizotengwa, hakuna kuwapa moto wala maji. Kulikuwa na wanawake wazee waliofukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi, katika ukanda uleule ambako vikongwe wamekuwa wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wakipika kwa miaka yote. Kikundi cha ulinzi kisichohojiwa na mtu hakikomei kwa wezi. Anayetaka kurudisha sungusungu mtaani kwake kwanza aseme nani atawahoji walinzi, na wapi.

"Balozi wa nyumba kumi ndiye serikali ya mtaa"

Alikuwa karibu na hivyo wakati wa chama kimoja. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa shina la CCM. Anaweza kuwa jirani mwema na anayejua watu wote, lakini mamlaka ya kiserikali yako kwa mwenyekiti wa kitongoji, halmashauri ya kijiji au serikali ya mtaa, na ndani yake kuna kamati ya ulinzi na usalama. Wakenya walipoanzisha Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, walichota wazo hilo kwetu na kulifanya la majirani wote. Nasi tulifanye hivyo. Mwenye kadi ya chama kingine, au asiye na kadi yoyote, naye anaibiwa. Michango ya ulinzi nayo ipitishwe kwenye mkutano wa wananchi, itolewe stakabadhi, na hesabu yake isomwe hadharani.

"Tukiongeza doria, tumemaliza"

Mwaka 1972 hadi 1973 polisi wa Kansas City, Marekani, walifanya jaribio. Maeneo mengine waliondoa doria za kawaida, mengine wakaziongeza mara mbili au tatu, mengine wakayaacha kama yalivyo. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, wala hofu ya wananchi. Baadaye huko Minneapolis ilionekana kwamba takriban asilimia 3 tu ya anwani za mji zilitoa nusu ya wito wote uliokwenda polisi. Mji wetu mdogo si Minneapolis, lakini muulize mlinzi yeyote wa usiku atakutajia sehemu tatu: uchochoro nyuma ya baa, kichaka cha njia ya shule, stendi ya bodaboda baada ya saa tano. Walinzi sita wanaozunguka mtaa mzima kwa kujionyesha hawana faida ya wawili waliokaa hapo saa zinazojulikana, au ya taa moja na panga la kufyekea kichaka.

Na tusijidanganye kwamba mikutano ya polisi na wananchi inatosha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulijaribu polisi jamii katika nchi sita, majirani zetu Uganda wakiwemo, pamoja na Liberia, Brazil, Colombia, Pakistan na Ufilipino. Haukukuta uhalifu umepungua wala imani kwa polisi imeongezeka. Sababu walizozitaja watafiti tunazijua hapa: askari anazoea watu kisha anahamishwa, wakubwa wana vipaumbele vingine, na kituo hakina uwezo wa kufuatilia kile wananchi walichokisema. Tanzania imekuwa na polisi jamii tangu miaka ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, aliyeteuliwa mwaka 2006, na sasa kuna wakaguzi kata. Mkaguzi mpya akija, kamati imkabidhi daftari la lindo siku ya kwanza, na imuulize kila mwezi taarifa za mwezi uliopita zimefikia wapi.

"Mambo ya ndani ya nyumba si usalama wa mtaa"

Tunaweka lindo kwa ajili ya mtu atakayeruka ukuta, ilhali kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Hakuna wizi wa kuku unaofikia hapo. Walinzi wanaopita chini ya dirisha, wakasikia mwanamke analia kuomba msaada, wakasema "hayo ni ya mume na mke" na kuendelea na mzunguko, wameliacha tukio kubwa kuliko yote ya usiku huo.

Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mambo ya mtoto hupigiwa 116, bila malipo. Mtoto au mtu mzima akibakwa, kikao cha wazee cha kusuluhisha hakina nafasi. Kosa hilo halimalizwi kwa mbuzi wala kwa fedha. Asioge, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, na afikishwe hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa zianze ndani ya saa 72. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza, PF3 itafuata. Na kamati ya ulinzi ichague mapema mwanamke mmoja au wawili wa kumsindikiza, wenye namba zinazojulikana na kila nyumba, wanaopokea simu hata saa tisa usiku.