Kaboni monoksidi ndani ya trela ya kulala: maana yake na inavyotokea

Kaboni monoksidi ni gesi inayotokea pale makaa, kuni, petroli au gesi ya mtungi inapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wengi huiita hewa ya ukaa, na hilo huleta mkanganyiko, kwa sababu hewa ya ukaa ni kaboni dioksidi, ile tunayoitoa kwa pumzi. Kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, huku ubongo na moyo vikinyimwa oksijeni.

Baridi ya Nairobi, Juni hadi Agosti, haigandishi maji mabombani, kwa hiyo mwenye trela hapa hana haja ya kuhofia barafu. Hatari yake ni joto analolitafuta. Anafunga madirisha, anaziba matundu ya hewa kwa matambara, kisha anaingiza jiko la makaa akisema limeshaisha moshi.

Litazame jiko hilo kwa karibu. Chini, makaa yanaungua na kutoa kaboni dioksidi. Gesi hiyo inapopanda katikati ya makaa mekundu hugeuka kuwa kaboni monoksidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa ndiyo gesi yenyewe ikiungua. Majivu yakishafunika makaa, mwali unazimika na gesi inatoka nzima nzima. Jiko lililotulia, lisilo na moshi, ndilo la kuogopwa.

Trela ya mita 4 kwa 2, yenye kimo cha mita 2, ina mita za ujazo 16 tu. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, chenye kimo cha futi 8, kina takriban 23, na hata humo watu hufa. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na ni rahisi kudhani ni malaria au uchovu wa safari. Wote waliomo wakiumwa kichwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, ishuku gesi hii mara moja. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Mtoe nje, piga 999 au 112, apelekwe hospitali yenye oksijeni. Kumnywesha maziwa hakusaidii. Kwa hewa ya kawaida, gesi iliyo kwenye damu huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni safi ya barakoa, kama saa moja na nusu au chini ya hapo. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ni nzuri, kwa kuwa hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi kwenye damu.

King'ora cha kaboni monoksidi kifungwe karibu na kitanda, usawa wa kichwa, maana gesi hii huchanganyika na hewa yote. Kile cha gesi ya mtungi hukaa karibu na sakafu, kwani gesi hiyo ni nzito. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine, isipokuwa kiwe kimetengenezwa kutambua zote mbili. Soma tarehe ya mwisho nyuma yake. Kitambuzi huchakaa hata betri ikiwa mpya.

Hita inayofaa ni ile inayovuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje. Kagua tundu lake kabla ya msimu, nyigu hupenda kujenga humo. Jiko la gesi ni la kupikia tu, tundu la hewa likiwa wazi, na mwali ukiwa wa manjano wenye masizi lizime. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka trela, ekzosi ikitazama kwingine. Kwa kulala, blanketi mbili na chupa ya maji moto vinatosha.