Kila kipande na ghorofa yake: namna ya kupanga modeli ya jengo kabla ya kuileta ukaguzini

Tangu dawati letu la ukaguzi lianze kurudisha modeli za kidijitali za majengo ambazo vipande vyake havijapangwa kwa mahali, tumepokea malalamiko mengi kutoka kwa wahandisi wa majengo, na karibu yote yanasema jambo moja: hesabu ni sahihi, nondo zinatosha, kwa nini kazi irudi kwa sababu ya mpangilio wa faili? Tunaamini walalamikaji wana nia njema. Wengi wao ni wahandisi wazuri. Lakini jibu letu halibadiliki: mpangilio wa mahali ni sehemu ya hesabu. Modeli isiyojua nguzo ipo ghorofa gani haiwezi kukaguliwa hata kama kila nguzo imechorwa kwa usahihi wa milimita.

Kwa kuwa ninyi ni watu wa fani, sitaeleza modeli ni nini. Nitasema tu tunachotarajia kukikuta ndani yake. Faili za IFC, muundo wa faili unaosomeka na programu mbalimbali za majengo, ndizo tunazipokea, nazo zinafuata kiwango cha kimataifa cha ISO 16739, na kiwango hicho kinaupanga mradi kama mti. Shina ni mradi, na mradi huwa mmoja tu katika faili. Hapo ndipo vipimo hutangazwa, mita au milimita. Chini ya mradi kuna kiwanja, chini ya kiwanja jengo, chini ya jengo ghorofa, na chini ya ghorofa, ikihitajika, nafasi kama vyumba na korido. Nguzo, mihimili, slabu (sakafu za zege) na kuta huning'inizwa kwenye mti huo, kwa kawaida kwenye ghorofa. Kila kipande kina makazi mamoja tu. Kinaweza kutajwa kwenye ghorofa nyingine kinazopitia, lakini makazi yake ni mamoja, na kinahesabiwa mara moja.

Kutaja na kuweka makazi ni mambo mawili tofauti. Naomba msomaji asipite haraka hapa, kwa sababu modeli nyingi tunazorudisha zimekwama hapo hapo.

Kuna dhana ambayo tumeijibu mara nyingi kiasi kwamba sasa naiandika waziwazi: tabaka la kuchorea si ghorofa. Kundi la vipande si ghorofa. Rangi si ghorofa. Kuipa nguzo jina lenye alama ya ghorofa ya tatu hakuiweki ghorofa ya tatu. Kunaipa jina tu. Mkaguzi akifungua faili katika programu yake hategemei rangi zako wala vichujio ulivyovihifadhi kwenye kompyuta yako. Anauona mti. Kama mti una ghorofa moja iliyobeba jengo zima la orofa kumi, basi kwa mujibu wa faili hilo jengo lako lina ghorofa moja.

Sasa nieleze kwa nini suala hili si la makarani.

Mengi tunayoyapima katika uthabiti wa jengo hupimwa kwa ghorofa. Msogeo wa kando wakati wa tetemeko au upepo mkali hulinganishwa na kimo cha ghorofa husika. Uzito unaotikiswa hukusanywa kwenye sakafu. Kipunguzo cha mzigo wa watumiaji kwenye nguzo, kwa mfano katika Eurocode 1, kiwango cha Ulaya cha mizigo ya majengo, hutegemea idadi ya ghorofa zilizo juu ya nguzo hiyo. Ukikosea idadi ya ghorofa, programu haitalalamika. Itakupa jibu safi lenye desimali tatu, na jibu hilo litakuwa la jengo lingine.

Chukua jengo ambalo ghorofa ya chini ina kimo cha mita 4.8 na zilizo juu yake zina mita 3.6 kila moja, nguzo ni zile zile, zimekazwa juu na chini. Ukakamavu wa nguzo dhidi ya kusukumwa kando hupungua kwa kipeo cha tatu cha kimo, kwa hiyo ghorofa ya chini ina takriban asilimia 42 tu ya ukakamavu wa ile iliyo juu yake. Kiwango cha Marekani cha ASCE 7 huiita ghorofa legevu ikiwa ukakamavu wake uko chini ya asilimia 70 ya ile ya juu yake, au chini ya asilimia 80 ya wastani wa tatu zilizo juu. Ghorofa yetu ya chini haijafika hata asilimia 50. Ni hatari inayojulikana sana: katika tetemeko, ghorofa ya namna hiyo ndiyo hubeba karibu msogeo wote, na ndiyo huporomoka kwanza.

Sasa mbunifu anaongeza mezanini ndogo, yaani sakafu ya kati isiyoenea ghorofa nzima, kwenye kona ya ghorofa hiyo, mita 2.4 kutoka chini, na programu inapomuuliza, anaisajili kama ghorofa kamili. Hajabadilisha nguzo hata moja. Lakini programu sasa inaona ghorofa mbili fupi mahali pa moja ndefu. Nguvu ya kusukuma ni ile ile, ila msogeo umegawanywa nusu kwa nusu, kwa hiyo kila nusu inaonekana na ukakamavu maradufu: asilimia 84 hivi ya ghorofa ya juu. Inavuka 70, inavuka na kigezo cha wastani. Ripoti inatoka bila onyo lolote. Nguzo zilizo mbali na ile kona bado zinapanda mita 4.8 bila kushikwa na chochote, lakini ulegevu umefutwa kwenye karatasi kwa kubofya mara moja.

Ndiyo maana tunarudisha. Mezanini, jukwaa la mitambo, sehemu ya kupumzikia ya ngazi na paa dogo la lango havisajiliwi kama ghorofa za jengo kwa sababu tu vina usawa wao, yaani kimo cha sakafu yao kutoka chini. Kiwango kinaruhusu sehemu ya ghorofa iwekwe chini ya ghorofa iliyo mzazi wake na kuwekewa alama kwamba ni sehemu tu. Itumieni nafasi hiyo. Kwenye programu ya uchanganuzi, usawa huo uingizwe kama usawa wa rejea, si ghorofa.

Kosa la pili linatokana na programu zenyewe kutokubaliana, na hapa sina lawama kwa mbunifu. Katika ETABS, programu ya uchanganuzi, nguzo huhesabiwa kuwa ya ghorofa ambayo inaishia: nguzo inayotoka msingi kwenda sakafu ya kwanza ni ya ghorofa ya kwanza. Katika Revit, programu ya kuchorea modeli, nguzo hushikizwa kwenye usawa inakoanzia, na faili la IFC linalotoka hufuata hivyo. Mkihamisha orodha ya nguzo kutoka huku kwenda kule bila kurekebisha, kila nguzo inateleza ghorofa moja. Nondo za nguzo za chini zinapanda juu, au za juu zinashuka, kutegemea mnahamisha kutoka wapi kwenda wapi. Macho hayaligundui kosa hili kwa sababu picha ya pande tatu haibadiliki hata kidogo. Utaratibu wetu ni huu: nguzo na kuta ni za ghorofa zinakoanzia, slabu ni ya ghorofa ambayo watu wanaikanyaga, mihimili inafuata slabu iliyo juu yake, hata kama ukisimama chini yake inaonekana kuwa ya chumba cha chini. Baadhi ya ofisi hupanga mihimili kinyume na hivyo, na wana hoja zao. Chagueni moja, muiandike kwenye maelezo ya mradi, na muishike mpaka mwisho. Tunachokataa ni mchanganyiko.

Lugha yetu nayo inachangia. Tukisema ghorofa ya kwanza, mmoja anafikiria sakafu ya kwanza juu ya ile ya chini, mwingine anafikiria ile ile ya chini. Neno ngazi ni gumu zaidi, maana katika mkutano mmoja linaweza kuwa ngazi za kupandia, usawa wa sakafu, au daraja la mti ninaoueleza hapa. Kwa hiyo msiishie kwenye jina. Kila ghorofa iwe na namba na usawa wake kwa tarakimu, kwa mfano 00 kwenye 0.000 na 01 kwenye +4.800, na chini ya ardhi B1 kwenye usawa wenye alama ya kutoa. Namba zianze kwa sifuri na ziwe za tarakimu mbili, la sivyo programu nyingi zitapanga 10 kabla ya 2.

Usawa upi? Uso wa zege, si uso wa vigae. Msanifu hupima mpaka umaliziaji wa sakafu, na tofauti ya milimita 50 au 100 inatosha kuzifanya slabu zionekane zimezama chini ya ghorofa yake. Kubalianeni na msanifu mapema, kisha tofauti hiyo iandikwe mahali pamoja. Tumewahi kupokea jengo moja lenye seti mbili za ghorofa, za msanifu na za mhandisi, zikipishana kwa milimita 75 kutoka chini hadi juu, kila seti ikiwa na nusu ya vipande. Kazi ya wiki kadhaa ilibidi ipangwe upya.

Wanaotumia upangaji wa kiotomatiki, kama ule wa masanduku ya mipaka katika Tekla Structures, programu nyingine ya modeli, ambapo kipande hupewa ghorofa kwa sanduku kinamoangukia, waangalie jambo moja. Mkikata sanduku kwenye uso wa juu wa slabu, unene wote wa slabu na mihimili yake unaangukia ghorofa ya chini. Shusheni mpaka huo wa sanduku ili uwe chini ya mhimili mnene kuliko yote wa sakafu hiyo. Kama sakafu iko +3.600 na mhimili una kina cha milimita 600, mpaka uwe chini kidogo ya +3.000. Kisha fungueni ghorofa moja moja na kuhesabu nguzo kwa macho. Upangaji wa kiotomatiki unaokoa muda, lakini hauondoi wajibu wa aliyetia sahihi.

Vipande virefu vifuate ujenzi wenyewe. Nguzo ya zege humwagwa ghorofa kwa ghorofa, basi ikatwe kila sakafu. Nguzo ya chuma inayoletwa ikiwa kipande kimoja cha ghorofa mbili ibaki kipande kimoja, makazi yake yawe inakoanzia, na itajwe kwenye ghorofa ya juu. Kuta za shimo la lifti zikatwe kama zitakavyomwagwa. Msichore ukuta mmoja wa mita 40 na kuutundika kwenye msingi.

Kuhusu modeli ya uchanganuzi, ile ya kukokotolea nguvu, yenye mistari na vifundo, kwa ufupi: IFC huitenga na vipande halisi, haikai ndani ya ghorofa. Msiilazimishe.

Sasa utaratibu. Faili likipokelewa hupita kwanza ukaguzi wa kompyuta, ambao hautazami nguvu wala nondo. Unatazama kama kuna mradi mmoja, kama kila jengo liko chini ya kiwanja, kama kila ghorofa ina usawa, kama kuna kipande kisicho na makazi, na kama kuna ghorofa tupu. Likikwama hapo, linarudi pamoja na orodha ya vipande vyenye kasoro, na halihesabiwi kuwa limewasilishwa. Likivuka, linaingia foleni ya mhandisi mkaguzi. Mkaguzi akikuta mti usiolingana na michoro, ombi linarudi na mkija tena mnaanza mwisho wa foleni. Tunajua hili linauma. Lakini mkaguzi akianza kusahihisha mti wa mwombaji, atakuwa amekuwa mbunifu wa jengo hilo, na hilo haturuhusiwi.

Adhabu nzito kidogo ni kwa mabadiliko baada ya idhini. Kuhamisha vipande kutoka ghorofa moja kwenda nyingine, au kuongeza ghorofa, bila kutujulisha, kunasimamisha idhini ya sehemu iliyoguswa hadi ikaguliwe upya, hata kama umbo halijabadilika. Kubadilisha jina la ghorofa bila kugusa usawa wake kunahitaji barua tu. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya masharti yaliyoandikwa kwenye idhini yako. Panapotofautiana, idhini ndiyo inayofuatwa.

Wenye modeli zilizokwisha kurudishwa wasianze upya, na wasifute vipande na kuvichora tena. Kila kipande katika IFC kina kitambulisho cha herufi 22, na sisi tunalinganisha toleo la kwanza na la pili kwa hicho. Ukifuta na kuchora tena, kwetu ni jengo jipya na maoni yote ya awali hupotea. Rekebisheni ghorofa na usawa wake kwanza, hamisheni vipande kwenye mti bila kuvigusa umbo, toeni faili upya mkiwa mmewasha chaguo la kuhifadhi vitambulisho, kisha lifungueni katika programu nyingine tofauti na mliyochorea. Mkiona huko idadi ile ile ya nguzo kwa kila ghorofa, leteni.