Ramani ikitoka nyeupe, usilaumu faili

"Kaka, ile shepufaili imeharibika, naomba nyingine." Ujumbe huu, kuhusu faili la kuchorea ramani kwenye programu ya R, hunifikia kila msimu wa tasnifu hapa Mbeya, na safari hii umetoka kwa afisa ugani anayechora mashamba ya parachichi Rungwe. Nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu, maana imani hii inawapotezea watu muda mwingi. Wanatafuta faili jipya, wanakutana na tatizo lilelile, wanaishia kukabidhi ripoti isiyo na ramani.

Faili lililoharibika kwa kawaida hukataa kufunguka. Lako likifunguka, likahesabu kata, likaonyesha majina yake kwenye jedwali, kisha ramani ikatoka nyeupe au nukta zote zikabanana sehemu moja, faili ni zima. Tatizo ni kwamba programu haijaambiwa namba zako zinapimwa kuanzia wapi, au imeambiwa uongo. Imechora kile ulichoiagiza, pale ulipoiagiza.

Mepesi nayapita haraka. Shepufaili ni kundi la mafaili: .shp ina maumbo, .shx ni faharasa, .dbf ni jedwali, .prj inaeleza mfumo wa koordineti. Ukitumiwa .shp peke yake kwa WhatsApp, rudi kwa aliyekutumia umwombe zote, zikiwa na jina moja, ndani ya zip. Jina la safu kwenye .dbf halizidi herufi 10, kwa hiyo "idadi_ya_kaya" na "idadi_ya_kuku" zote zitakatwa zibaki "idadi_ya_k", na programu itabuni namna ya kuzitofautisha. Hifadhi kazi yako kwa muundo wa faili wa GeoPackage uepuke hayo. Na kama maelezo uliyopewa darasani yanatumia amri ya readOGR, yaweke pembeni: vifurushi vya R vya rgdal, rgeos na maptools vilistaafishwa Oktoba 2023. Tumia kifurushi cha sf.

Sasa kiini. Kabla ya kuchora chochote, ita amri ya st_bbox usome namba nne zitakazotoka. Hizo ni kingo za data yako: magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Jiji la Mbeya liko karibu na longitudo 33.45 na latitudo -8.9. Ukiona namba za ukubwa huo, data iko kwenye digrii. Ukiona kitu kama 550,000 na 9,016,000, hizo ni mita za UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa kanda), kanda ya 36 Kusini. Kila kanda hupewa 500,000 kwenye mstari wake wa kati, na kwa upande wetu wa kusini ikweta hupewa 10,000,000 ili kusitokee namba hasi. Mstari wa kati wa kanda ya 36 ni longitudo 33, nasi tuko kilometa 50 hivi mashariki yake. Namba inajisoma yenyewe ukishajua hilo.

Ukitaka kujua kosa ni lipi, tazama nukta zako zimekimbilia wapi. Mbeya ikitokea baharini karibu na pwani ya Moroko, umeweka latitudo mahali pa longitudo. Hili ndilo kosa la kila siku, kwa sababu midomo yetu imezoea kusema "latitudo na longitudo" na KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu, nayo huziandika kwa mpangilio huo, ilhali st_as_sf, amri ya kugeuza jedwali kuwa nukta za ramani, inataka longitudo kwanza. Mbeya ikitokea Sudan Kusini karibu na mpaka wa Ethiopia, alama ya kutoa ya latitudo imepotea njiani. Nukta ikiwa Ghuba ya Guinea, kwenye sifuri na sifuri, kuna mtu alijaza sifuri pale ambapo GPS haikusoma kitu. Na Mbeya ikitokea Kilwa, tena karibu kabisa na Kilwa Masoko, data ni ya kanda ya 36 ila umeipa kodi (namba inayotambulisha mfumo wa koordineti) ya kanda ya 37. Kanda moja ni digrii 6, na ukiongeza digrii 6 kwenye longitudo ya Mbeya unafika pwani ya Lindi. Kosa hilohilo kwa Iringa mjini linakutupa Bahari ya Hindi, mashariki mwa Mafia.

Kuna moja zaidi, na ndilo linalonikera kuliko yote. Mtu ana data ya digrii. Amesikia kwamba Mbeya ni UTM 36 Kusini, kodi 32736. Basi anaandika st_set_crs na kuweka 32736, anafurahi kwamba "amebadilisha projeksheni". Hajabadilisha kitu. Namba zake bado ni 33.45 na -8.9, ila sasa programu imeambiwa kuwa ni mita: mita 33 na mita -8.9. Ukifuata hesabu ya kanda hiyo, hapo ni Antaktika, kama kilometa 500 kutoka Ncha ya Kusini. Mashamba yote ya wilaya nzima yamekaa ndani ya eneo lisilotosha kitanda, ndiyo maana unaona nukta moja. Ukiweka juu yake mipaka ya kata iliyo sahihi, ramani inapanuka kutoka Rungwe hadi Antaktika na kata zako hazionekani tena. Hapo ndipo ninapoandikiwa kwamba shepufaili imeharibika.

Mfanyabiashara akivuka Tunduma na kwacha 500 hafuti neno "kwacha" akaandika "shilingi" akaenda dukani. Anabadilisha fedha, na kiasi kinabadilika. st_set_crs ni kuandika jina la fedha. st_transform ni kubadilisha fedha yenyewe. Ya kwanza unaitumia wakati data haina jina kabisa na wewe unajua kwa hakika ilitoka wapi. Ya pili unaitumia data ikishakuwa na jina sahihi na wewe unataka mfumo mwingine. Data ya simu unaiita 4326, kodi ya digrii za GPS, kwanza, kisha unaihamisha kwenda 32736. Hatua mbili, kwa mpangilio huo. sf yenyewe hutoa onyo ukibandika jina jipya juu ya la zamani, ikisema kwamba kufanya hivyo hakuhamishi data na kwamba utumie st_transform. Onyo linasomeka vizuri kabisa. Watu wanalifunga wanaendelea, na hilo nashindwa kulivumilia, kwa sababu nyuma ya kila nukta kuna mkulima aliyeacha jembe akasimama na mdodosi shambani mwake.

Kosa la Antaktika angalau linaonekana. Linaloniogopesha ni lile la mita 300. Karatasi za ramani za 1:50,000 za nchi yetu zilichapishwa kwa datamu (msingi wa kupimia) ya Arc 1960, na GPS ya simu inatumia WGS 84. UTM ni ileile, kanda ni ileile ya 36, namba zinafanana kwa ukubwa. Lakini 21036, kodi ya Arc 1960, siyo 32736 ya WGS 84. Ukiichukua koordineti ya Arc 1960 ukaiita WGS 84, hapa kwetu nukta inasogea karibu mita 300 kaskazini na kidogo magharibi. Hakuna onyo litakalotoka. Ramani inapendeza, kila kitu kiko jirani na mahali pake. Kwa ramani ya mkoa yenye rangi za kata, mita 300 hazitamuumiza mtu. Kwa kisima, kwa shamba la ekari mbili kwenye miteremko ya Rungwe, kwa kitalu cha chai Mufindi, mita 300 ni ng'ambo ya mto na shamba la mtu mwingine.

Je, utajuaje kama .prj haipo na aliyeitengeneza data hapatikani? Vitabu huandika "tumia mfumo sahihi" kisha vinafunga ukurasa. Ninachofanya ni kuweka data juu ya picha ya setilaiti na kutafuta vitu visivyohama: njia panda, daraja, kona ya uwanja wa ndege. Vyote vikiwa vimesogea upande mmoja kwa umbali ule, naiita Arc 1960. Lakini huko ni kukisia, na naandika kwenye ripoti kwamba nimekisia. Hata ukihamisha vizuri kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, vigezo vinavyotumika mara nyingi ni wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja, kwa hiyo hitilafu ya makumi ya mita inaweza kubaki. Mpaka wa kiwanja usiupeleke kwa njia hiyo. Mwite mpima.

Iringa ina mtihani wake. Kanda ya 36 inaishia longitudo 36, na mstari huo unapita ndani ya mkoa: Iringa mjini iko magharibi yake, sehemu kubwa ya Kilolo iko mashariki. Mwenye GPS iliyowekwa kutoa UTM anaweza kuanza siku kanda ya 36 na kuimaliza kanda ya 37, na kama hakuandika kanda kwenye daftari, nusu ya vijiji vyake itatawanyika. Kusanyeni kwa digrii, jamani. Wakati wa kupima maeneo, mimi huupeleka mkoa mzima kwenye kanda ya 36. Upotofu wa vipimo Kilolo ni mdogo kwa kazi za kilimo na afya. Wapo wataalamu ninaowaheshimu wasiokubaliana nami.

Sasa ramani nyeupe ya aina ya pili: mipaka imekaa sawasawa lakini rangi hazijaingia. Hapo koordineti hazina kosa, ni majina ya kwenye mipaka na ya kwenye jedwali la takwimu yamekataa kuungana. Faili lako la mipaka ni la mwaka gani? Songwe ilitolewa Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo mipaka ya sensa ya 2012 ina Mbozi, Momba na Ileje ndani ya Mbeya, na data ya sensa ya 2022, inayoziweka Songwe, haitazipata humo. Faili la kabla ya 2012 lina Njombe, Makete na Ludewa chini ya Iringa. Kisha kuna wilaya na halmashauri: wilaya ya Rungwe ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo, Mufindi ina Mufindi na Mji wa Mafinga. Jedwali la afya limepangwa kwa halmashauri, mipaka imepangwa kwa wilaya, na Busokelo inabaki bila pa kukaa. Ongeza nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina, ongeza "Mbeya Jiji" upande mmoja na "Mbeya Mjini" upande wa pili. Kata usiziunganishe kwa jina peke yake, maana Majengo iko katika miji mingi. Unganisha kwa kodi ya kata, ukiwa umehakikisha Excel haijageuza 01 kuwa 1. Na ukitumia left_join, mipaka itangulie, jedwali lifuate. Ukigeuza, kinachotoka ni jedwali tu, ramani hamna.

Kabla hujaniandikia, endesha anti_join utazame ni majina yapi yamebaki nje. Halafu nitumie matokeo ya st_crs (mfumo ulioandikwa kwenye data), ya st_bbox na orodha hiyo ya majina. Nikiwa navyo vitatu hivyo naweza kukujibu hata nikiwa ndani ya basi, na faili lenyewe huna haja ya kunitumia.