Nyama ya kusaga ya bata mzinga: yanayosemwa na yalivyo

Mtwara mjini, anayetaka nyama ya kusaga huenda buchani, akachagua steki ya ng'ombe, ikapitishwa kwenye mashine mbele ya macho yake. Bata mzinga hayumo kwenye biashara hiyo. Yeye yuko uani, Chuno au Mikindani, anatishia watoto, na zamu yake hufika kukiwa na harusi, Idi au Krismasi. Siku hizi, hata hivyo, simu zimejaa mapishi ya Marekani yanayomtumia akiwa amesagwa: kwenye tambi, kwenye baga, kwenye mipira ya nyama. Mtu aliyeambiwa kliniki apunguze nyama nyekundu akikutana na mapishi hayo anaona tatizo lake limekwisha. Mimi napika vitafunio vya shughuli, kwa hiyo maombi ya “sambusa za bata mzinga, kuna wageni wenye presha” hunifikia, na huja yameambatana na maneno mengi. Baadhi ni ya kweli. Haya yafuatayo ama si kweli, ama ni kweli nusu.

“Ni nyama nyeupe, haina mafuta”

Swali la kwanza ni nini kimeingia kwenye mashine. Ukisaga kidari kitupu, bila ngozi, gramu 100 za nyama mbichi zina mafuta kama gramu 2 na kalori zipatazo 110. Hiyo kweli ni nyama kavu. Lakini ukisaga mapaja na ngozi yake, umeshapata kitu kingine kabisa. Kule Marekani, ambako nyama hii huuzwa kwenye trei zenye lebo, inaruhusiwa kusagwa pamoja na ngozi na mafuta yanayoambatana na mnofu, ndiyo maana lebo hutaja kiasi cha mafuta. Trei iliyoandikwa asilimia 7 ya mafuta ina kalori takriban 150 kwa gramu 100. Trei ya ng'ombe yenye asilimia 7 hiyo hiyo? Takriban 150 vilevile. Tofauti kubwa inayotangazwa hupatikana pale bata mzinga mkavu anapolinganishwa na ng'ombe wa asilimia 20 ya mafuta, mwenye kalori kama 250. Kilicholinganishwa pale ni kiasi cha mafuta. Mnyama kasingiziwa tu.

Buchani kwetu hakuna lebo, ila kuna mdomo. Mimi husema, “Mjomba, toa kwanza hayo mafuta ya pembeni, ndiyo usage.” Naye hujibu kila mara, “Dada, ukiyatoa yote itakuwa kavu hiyo.” Iwe kavu, mafuta nitatia mwenyewe nikijua nimetia kiasi gani. Nyama hiyo ya ng'ombe imeshamkaribia bata mzinga, na hakuna ndege aliyechinjwa.

Halafu kuna hili ambalo wateja hawapendi kulisikia: sambusa ikishazama kwenye karai la mafuta, habari ya nyama kavu iliyomo ndani inabaki kuwa hadithi ndogo. Anayekwepa mafuta kwa dhati apike mchuzi.

“Mwenye kolestro, presha au gauti anakula bila wasiwasi”

Kuhusu kolestro, kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ambao uliwalisha watu nyama nyekundu, kisha nyama ya ndege, kisha protini za mimea, kwa zamu. Nyama nyekundu na nyeupe zilipandisha kolestro mbaya kwa kiwango kinacholingana, na zote mbili zilizidi protini za mimea. Kwa mtu wa Lindi au Mtwara habari hiyo ni nzuri, maana mbaazi na kunde tunazo, na mbaazi za nazi hazihitaji kutetewa na mtu. (Nazi yenyewe ina mafuta mazito, kwa hiyo tui lisiwe bahari.)

Gauti husababishwa na asidi ya uriki inayozidi mwilini, na asidi hiyo hutokana na purini, kemikali ya asili iliyomo kwenye vyakula kama nyama. Bata mzinga ana purini. Rangi nyeupe ya kidari chake haibadilishi hilo, na mgonjwa wa gauti anayemla sahani mbili kwa kuwa “si nyekundu” anaweza kuamka kidole gumba kinawaka.

Presha ni zaidi habari ya chumvi. Mnofu mbichi wa bata mzinga una chumvi kidogo, ila mpishi anayehofia kwamba nyama imepooza humwaga chumvi, akaongeza vikolezo vya paketi ambavyo navyo ni chumvi, na mwisho mgonjwa amekula chumvi nyingi kuliko ambayo angekula kwenye mchuzi wa ng'ombe. Soseji za bata mzinga ndiyo kabisa: hizo ni nyama za kusindikwa. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, mwaka 2015 liliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kusababisha. Nyama ya ndege isiyosindikwa haimo katika makundi hayo, na hapa bata mzinga anastahili sifa yake. Lakini soseji ni soseji.

“Haina ladha, na kababu zake hukauka kama mbao”

Hukauka kwa mpishi anayempika kama ng'ombe. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta hujikaanga yenyewe. Unaiweka sufuriani, mafuta yanayeyuka, inalia, inapata rangi. Ya bata mzinga hutoa maji kwanza. Ukijaza sufuria kwa pupa inajichemsha kwenye maji yake, inabaki rangi ya majivu na harufu ya kuku wa hospitali, na hapo ndipo watu husema haina ladha.

Kazi huanza kwenye kusaga. Miguu ya bata mzinga ina kano zilizokauka na kuwa ngumu kama njiti, zinazokimbia kwa urefu kwenye kile kipande cha chini ya goti. Usipozivuta na kuzitoa, zinajizungusha kwenye kisu cha mashine, kisu kinaacha kukata na kuanza kuponda, na kinachotoka upande wa pili ni uji. Kata mnofu vipande virefu, uuweke kwenye friza nusu saa au zaidi mpaka ukakamae bila kuganda, ndipo usage. Nyama baridi hukatika. Nyama yenye joto hupondeka. Changanya mapaja na kidari. Mapaja yana rangi, mafuta na ladha. Kidari peke yake nakiona kama adhabu.

Kwa sambusa, tia vijiko viwili vya mafuta kwa nusu kilo, karai liwe moto kweli, nyama iingie kidogo kidogo. Iache iguse chuma kabla hujaikoroga. Maji yakitoka, ongeza moto, vunja madonge kwa mwiko mpaka ikauke na kuanza kubadilika rangi. Sasa ndiyo kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili. Vitunguu maji vikatwe vidogo, vikamuliwe, vichanganywe na kotmiri nyama ikishapoa. Kujaza ikiwa na unyevu ndiko kunakopasua sambusa, iwe ya ng'ombe au ya ndege.

Kababu zinataka namna nyingine. Chumvi itangulie kwenye nyama mbichi, ikandwe kidogo mpaka ishikane, maana chumvi hulegeza protini na ndiyo gundi yenyewe. Kwa nusu kilo natia slesi ya mkate iliyolowekwa kwenye tui zito, yai moja, na konzi ya korosho zilizosagwa. Usinunue korosho nzima kwa kazi hii. Vile vipande vilivyovunjika wakati wa kubangua ni nafuu na vinafanya kazi ileile: karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na hayo ndiyo yanayorudisha ulaini ambao ndege huyu hana. Waambie wageni kwamba kuna korosho ndani, kuna wenye mzio. Tandahimba na Newala nimewakuta wapishi wanaotia korosho kwenye mchuzi wa kuku bila kufikiri mara mbili. Kwenye kababu nao huwa wanashangaa kwa nini hawakuanza zamani.

“Ukiiosha kwa ndimu, wadudu wamekufa”

Hii ndiyo ninayobishana nayo zaidi, na kila jiko la pwani lina shangazi wa kuitetea. Ndimu inaondoa shombo na inalainisha uso wa nyama. Haiui vimelea kwa kiwango cha kukulinda, wala siki haifanyi hivyo. Salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hukaa kwenye ngozi na tumboni mwa ndege, na nyama inaposagwa, kilichokuwa juu kinaingia mpaka ndani. Ndiyo maana nyama ya kusaga haisamehe kama kipande kizima.

Ndege akishanyonyolewa na kupasuliwa lazima asafishwe, hilo halina ubishi; damu na manyoya vitoke. Ila fanyia hapo hapo uani, mbali na ndoo ya maji ya kunywa na mbali na bakuli la kachumbari. Nyama ikishafika jikoni ni safi kwa macho, haihitaji tena kuoshwa; kuiosha kunarusha matone kwenye vyombo vyote vya jirani. Kinachoua vimelea ni moto. Wataalamu wa Marekani wanataja nyuzijoto 74 za Selsiasi katikati ya nyama ya kusaga ya ndege, na 71 kwa ya ng'ombe.

Wengi hatuna kipimajoto cha jikoni, basi tunatazama rangi, na rangi ni shahidi mwongo pande zote mbili. Bata mzinga aliyeiva sawasawa anaweza kubaki na wekundu kidogo, na ng'ombe wa kusaga huweza kuwa kahawia kabla hajafika joto la usalama. Njia ya asiye na kipimajoto ni kubadilisha mapishi. Kujaza kwa sambusa na katlesi hupikwa kukaiva kabla ya kufungwa, kwa hiyo hapo huna hofu. Kababu zifanye bapa na ndogo, moto wa wastani, kisha zimalizie kwenye mchuzi unaochemka kwa dakika 15 au 20. Kababu nene kama ngumi kwenye mafuta ya moto mkali inaungua nje huku kati ni mbichi.

“Mama mjamzito ale huyu, ni mwepisi”

Ale akipenda, lakini asimwachie kazi yote ya ng'ombe. Gramu 100 za bata mzinga wa kusaga zina madini ya chuma kama miligramu 1.1, ng'ombe karibu mara mbili ya hapo, na zinki yake pia ni nyingi zaidi. Mwenye upungufu wa damu aliyebadilisha nyama moja kwa moja amepunguza kitu alichokuwa anakihitaji. Dagaa, mboga za majani, na mbaazi zinazofuatiwa na chungwa au ndimu vinasaidia, na hapo ndimu kweli ina kazi, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea. Vidonge alivyopewa kliniki aendelee navyo.

Eti ukila bata mzinga unasinzia

Hii imetufikia kwa simu kutoka Marekani. Wanasema ana triptofani nyingi, sehemu ya protini inayohusishwa na usingizi. Kuku naye anayo, kiasi kinachokaribiana, na hakuna anayemlaumu. Sahani ya pilau iliyofurika mchana wa jua la Lindi inalaza mtu hata ikiwa na maharage.

“Itapunguza gharama”

Marekani, pengine. Kule hufugwa kwa maelfu katika mabanda makubwa na kusagwa kiwandani. Hapa yai lake hukaliwa siku 28 badala ya 21 za kuku, vifaranga ni dhaifu na wanataka chakula chenye protini nyingi, na wakichanganywa na kuku wanaweza kupata ugonjwa wa kichwa cheusi, ambao kuku huubeba bila kuumwa sana na bata mzinga hufa. Mfugaji akikutajia bei anakutajia na hasara ya wale waliokufa. Ukishatoa mifupa, kano na ngozi, kilo ya mnofu imekwenda juu ya steki. Kwa mlo wa kila siku sioni sababu. Steki iliyotolewa mafuta, au nyama nusu na dengu nusu kwenye kujaza kwa sambusa, inafanya kazi nzuri kwa pesa ndogo.

Ila akishachinjwa nyumbani, kumsaga ni akili, kwa sababu ndege mmoja mkubwa anamshinda nguvu mpishi wa familia ndogo. Saga mapaja na kidari, mabawa na mifupa yaende supu. Nyama ya kusaga mbichi kwenye friji ni ya siku moja au mbili. Kwenye friza inakaa miezi mitatu hadi minne. Kwenye mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara, ikaange kwanza mpaka ikauke, igawe kwenye mifuko ya nusu kilo, ndipo ugandishe. Umeme ukikatika usiku kucha, ukakuta asubuhi mfuko umelainika na hauna baridi tena, usiurudishe kugandisha, na usiuonje ili kupima.