Lambo hakuwakabidhi wagonjwa kwa waganga

Thomas Adeoye Lambo, aliyeongoza idara ya saikayatria (tiba ya magonjwa ya akili) ya Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kuanzia 1963, husemwa mara nyingi kuwa aliacha dawa za hospitali na kuwarudisha wagonjwa wa akili kwa waganga wa jadi. Sivyo. Mpango wake wa kuwatibu wagonjwa wakiishi vijijini ulianza katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Aro, mjini Abeokuta, mwaka 1954, na matibabu yalibaki mikononi mwa hospitali: dawa, na pale ilipohitajika, tiba ya mshtuko wa umeme kwenye ubongo.

Kilichobadilika ni malazi. Mgonjwa alikuja na ndugu angalau mmoja, wakapanga chumba katika kijiji cha jirani. Ndugu alipika, akafua, akamsindikiza hospitalini asubuhi, mchana wakarudi. Hospitali nayo ilisaidia wanakijiji kwa mikopo ya kujenga vyumba na kwa maji safi, jambo ambalo wasimuliaji huliruka ingawa bila hilo wenyeji wasingekuwa na sababu kubwa ya kuwapokea wageni. Bila ndugu, mpango usingeenda.

Waganga walikuwepo, ndiyo. Lambo aliwashirikisha kwa kuwa walizijua imani na mahusiano ya kijamii ya wagonjwa, lakini chini ya usimamizi wa madaktari.