Si Kila Karatasi Iliyopakwa Inang'aa: Dhana Potofu Kuhusu Karatasi za Kuchapia

Mteja akiagiza kadi, vyeti au kalenda, swali la karatasi hujibiwa upesi: "Weka ile inayong'aa." Jibu hilo limeharibu kazi nyingi zilizosanifiwa vizuri.

"Iliyopakwa ni ile inayong'aa." Kinachopakwa ni utando mwembamba wa udongo mweupe wa kaolini au unga laini wa mawe ya chokaa, ukishikizwa kwa gundi. Utando huo huziba vitundu vya karatasi ili wino ubaki juu, na picha hutoka kali. Mng'ao ni hatua nyingine: karatasi hupitishwa kati ya rola zinazoikandamiza na kuilainisha. Ipo karatasi iliyopakwa isiyong'aa kabisa, na kwa kitabu chenye picha na maelezo marefu mimi huichagua hiyo, maana msomaji hasumbuliwi na mwanga wa taa. Ila huonyesha alama za msuguano haraka, hasa penye rangi nzito.

"Isiyopakwa ni ya kubana matumizi." Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi. Kadi nyingi za michango na mialiko ya harusi zina mstari wa nukta unaosubiri jina la mwalikwa liandikwe kwa mkono. Kwenye karatasi ya kung'aa kalamu huteleza, wino hukawia kukauka, na kidole kikipita jina linachafuka. Vyeti vya shule ni vilevile: mkuu anatia saini, anagonga mhuri, vyeti vinapangwa kimoja juu ya kingine, na mhuri unahamia mgongoni mwa cheti cha juu yake. Karatasi isiyopakwa hunywa wino huo mara moja. Vitabu vya risiti, kadi za kliniki na kalenda ambazo watu huandikia tarehe za vikao vinaihitaji pia. Tena si lazima iwe rahisi. Isiyopakwa yenye pamba au mikwaruzo ya urembo huweza kuizidi bei ile ya kung'aa.

"Rangi ni ileile popote." Kwenye karatasi isiyopakwa wino huzama na nukta zake hutanuka, kwa hiyo rangi hupoa na picha za giza hupoteza maelezo. Ndiyo maana vitabu vya sampuli vya Pantone, mfumo wa kutaja rangi za wino kwa namba, hutofautisha kwa herufi: C kwa iliyopakwa, U kwa isiyopakwa. Namba moja, wino mmoja, lakini nembo inaonekana tofauti. Omba sampuli iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe utakayotumia. Kioo cha kompyuta hakitakuonyesha tofauti hiyo.

"Gramu zikilingana, unene unalingana." Gramu hupima uzito wa mita moja ya mraba. Utando ni mzito na karatasi imekandamizwa, kwa hiyo iliyopakwa ya gramu 150 kwa kawaida huwa nyembamba na laini zaidi mkononi kuliko isiyopakwa ya gramu hizohizo.

"Ya kung'aa haiogopi maji." Inaogopa kuliko nyingine. Kurasa zilizopakwa zikilowa na kukaukia pamoja, utando hugeuka gundi na kitabu kinakuwa tofali. Ukizibandua kwa nguvu, maandishi yanang'oka. Wahifadhi wa nyaraka huwahi kuzitenganisha zingali mbichi, au huzigandisha kwenye friza hadi wapate nafasi ya kuzikausha. Kinachozuia maji ni plastiki ya lamineti inayowekwa juu baada ya kuchapa, na plastiki hiyo ndiyo inayotatiza urejelezaji, kwani karatasi iliyopakwa tupu hurejelezwa bila shida.

"Printa yoyote inafaa." Printa za wino wa majimaji huchapa kwenye karatasi ya kawaida isiyopakwa, lakini ukitaka ya kung'aa zinahitaji yenye utando wake maalumu; kwenye ile ya kung'aa ya mashine za kiwandani wino huelea na kuchafuka. Na karatasi ya picha ya printa hizo usiiingize kwenye printa ya leza: joto la rola huweza kuyeyusha utando, ukaganda ndani na kuiharibu mashine.